Nani Alinde Kijiji?

Ndugu msomaji, ng'ombe wako wakiibwa usiku, unamwita nani kwanza? Wengi wetu hapa Igunga tutajibu bila kufikiri: tunapiga yowe, tunapuliza filimbi, majirani wanatoka na pinde na mishale. Polisi tunawaita baadaye, kulipokucha.

Jibu hilo lina sababu. Kijiji ki hapa, kituo cha polisi ki mbali. Wakati wa masika mbuga ya Wembere hujaa maji na njia hukatika. Mwizi hangoji barabara ikauke.

Lakini jibu hilo pia limezaa ubishi mkubwa katika nchi yetu. Wengine wanasema: "Serikali iongeze polisi, wananchi waache kazi ya kukamata watu." Wengine wanasema: "Polisi hawatatosha kamwe, wananchi wapewe nguvu zaidi." Ubishi huu umefika mikutano ya kijiji, vikao vya chama, mahakamani na Bungeni. Katika somo hili tutautazama ulivyoanza, hoja za kila upande, na jambo ambalo wewe unayejua kusoma na kuandika unaweza kulifanya.

1. ULINZI WA ZAMANI

Kabla ya ukoloni hapakuwa na polisi. Mtemi alikuwa na watu wake wa kulinda nchi. Hatari ikitokea, mwano ulipigwa, na kila mwanamume mwenye nguvu alitoka. Aliyebaki ndani aliulizwa sababu.

Katika karne ya 19 misafara mingi ilipita mkoa wetu wa Tabora ikitoka pwani kwenda Ujiji na kurudi. Bunduki zikawa nyingi. Ndipo walipojulikana sana rugaruga, yaani vijana wenye silaha waliowatumikia wakubwa wa siku zile. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na rugaruga wengi. Rugaruga walilinda, lakini pia waliteka watu na mali. Hapa tunapata fundisho la kwanza: mwenye silaha asiyeulizwa na mtu anaweza kuwa mlinzi leo na mnyang'anyi kesho.

Waingereza waliunda jeshi la polisi la Tanganyika mwaka 1919. Makao yake ya kwanza yalikuwa Lushoto. Polisi wale hawakuwekwa kwa ajili ya kulinda zizi la mkulima. Kazi yao kubwa ilikuwa kulinda utawala. Baada ya Uhuru polisi wakawa wetu. Mwaka 1964 Ndugu Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi hilo. Hata hivyo nchi ni pana, na askari walibaki wachache.

Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa kisheria. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, uliosema kwamba wananchi wenyewe lazima washiriki katika ulinzi wa taifa lao. Mafunzo ya mgambo yakaenea vijijini. Mwaka 1975 ikatungwa sheria iliyowapa mgambo walio kazini uwezo wa kukamata, kama askari polisi wa cheo cha chini. Huo ulikuwa mwanzo wa raia kupewa kazi ya polisi kwa sheria.

2. SUNGUSUNGU WANAZALIWA

Vita vya Kagera vilipiganwa mwaka 1978 na 1979. Vilipokwisha, bunduki nyingi zilibaki mikononi mwa watu wasiostahili. Bidhaa zikawa adimu na maisha yakawa magumu. Wizi wa ng'ombe ukazidi, na wezi wakaja na silaha. Watu waliuawa katika maboma yao.

Wananchi walilalamika kwamba polisi wanachelewa. Walilalamika pia juu ya rushwa: mwizi anapelekwa kituoni asubuhi, na jioni anaonekana sokoni akicheka. Mlalamikaji ndiye anayeogopa kulala nyumbani kwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya mpakani mwa Kahama na Nzega, watu walianza kujipanga wenyewe. Walijiita Wasalama, yaani watu wa amani. Wengine waliwaita Sungusungu. Sungusungu ni wadudu weusi jamii ya chungu, watembeao kwa makundi na kuuma kwa ukali. Mmoja si kitu, lakini wakiwa wengi hata mnyama mkubwa hukimbia. Jina likashika. Muda si mrefu vikundi vilienea katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, na baadaye mbali zaidi.

Mpango wao ulikuwa rahisi. Kila kikundi kilikuwa na mtemi wake, katibu wake na makamanda wake. Wizi ukitokea, filimbi na mwano vilisikika. Kijiji kimoja kilifuata nyayo hadi mpakani, kisha kijiji cha pili kilipokea na kuendelea. Hivyo mwizi hakupata pa kupumzika. Asiyetoka alitozwa faini. Aliyekataa kulipa alitengwa: hapewi moto, hasaidiwi kazi, hazikiwi kwa heshima.

Wizi wa ng'ombe ulipungua sana. Hilo halina ubishi. Watu walilala usingizi tena. Ndiyo maana wazee wengi wa huku wanawataja Sungusungu kwa heshima.

3. UPANDE WA PILI WA HADITHI

Lakini, ndugu msomaji, haifai kusoma nusu ya ukurasa.

Katika miaka ile watu wengine walipigwa hadi kufa kabla ya kuulizwa. Wengine walifukuzwa kijijini kwa chuki za ugomvi wa shamba au wa ndoa. Vikundi vingine vilianza kuwinda wachawi. Walioumia zaidi walikuwa bibi vizee wenye macho mekundu. Mama aliyepika kwa kuni na samadi kavu miaka arobaini, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yake yatakosaje kuwa mekundu? Moshi ulimwumiza kwanza, kisha majirani wakamwumiza tena.

Kosa la aina hii halikufanywa na raia peke yao. Mwaka 1976 palikuwa na msako wa wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watu waliokamatwa waliteswa na watumishi wa Serikali, na baadhi yao walikufa. Mwaka 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Yeye hakumpiga mtu, lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake. Mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Rais.

Tazama tofauti moja. Polisi walipokosa, alikuwapo mkubwa wa kuulizwa, naye akawajibika. Sungusungu walipokosa, wananchi walimwuliza nani? Mara nyingi jibu lilikuwa: "Ni watu wote." Na kosa la watu wote huwa halina mwenyewe.

4. UBISHI UNAFIKA BUNGENI

Serikali yenyewe haikuwa na sauti moja. Viongozi wengi wa chama waliwasifu Sungusungu. Mwalimu Nyerere pia aliwaunga mkono. Walisema kwamba wananchi wanatekeleza siasa ya kujitegemea katika ulinzi. Lakini polisi na mahakimu wengi walikuwa na mashaka. Walisema kwamba kukamata na kuhukumu bila sheria ni kosa, hata kama aliyekamatwa ni mwizi kweli. Baadhi ya Sungusungu walishtakiwa mahakamani kwa mauaji.

Mwaka 1984 haki za binadamu ziliandikwa katika Katiba yetu. Kuanzia mwaka 1988 mwananchi aliweza kuzidai mahakamani. Ibara ya 13 inasema kwamba mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa ana kosa. Inakataza pia kumtesa mtu. Ibara ya 147 inakataza mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi.

Basi Sungusungu walikuwa nani? Jeshi? Mgambo? Au majirani tu? Mwaka 1989 Bunge lilijibu kwa sheria. Sheria hiyo ilibadilisha sheria za mgambo, na kuwahesabu wasalama au sungusungu kuwa sehemu ya mgambo, mradi wanafanya kazi kwa idhini na chini ya uangalizi wa Serikali.

Soma tena maneno hayo ya mwisho: kwa idhini na chini ya uangalizi wa Serikali. Sheria haikusema kwamba kila mwenye rungu ni sungusungu. Kikundi kisichojulikana na Serikali ya Kijiji hakina kinga ya sheria hiyo.

Mwaka 2006 Mkuu wa Jeshi la Polisi, Ndugu Said Mwema, alianzisha mpango wa polisi jamii. Ulinzi shirikishi ni sehemu ya mpango huo: wananchi hulinda mitaa na vijiji vyao wakishirikiana na polisi. Baadaye wakaletwa polisi kata, ili kila kata iwe na askari wake anayejulikana. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuchunguza vyombo vya haki jinai, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kwa hiyo ubishi huu haujakwisha.

5. JE, POLISI WANATOSHA?

Tufanye hesabu kidogo. Chukua daftari lako.

Mara nyingi katika Afrika ya Mashariki husikika hesabu ya askari 1 kwa watu 450. Hiyo si sheria, ni kipimo tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Tukigawa kwa 450 tunapata askari zaidi ya 137,000. Kila mmoja anahitaji mshahara, nyumba, sare na mafunzo. Fedha hizo zinatoka katika kodi, na kodi hiyohiyo inatakiwa kununua dawa, kuchimba visima na kujenga madarasa.

Sasa tuchukue mfano wa kituo kidogo chenye askari 6. Kituo hakifungwi, kwa hiyo askari hao wanafanya kazi kwa zamu tatu. Kila zamu ina askari 2. Usiku mmoja lazima akae kituoni, apokee taarifa na kulinda mahabusu. Anabaki 1. Ukipiga simu kwamba wezi 5 wenye silaha wamevamia zizi, aende peke yake? Na mwezi ule mmoja akiwa likizo na mwingine amepeleka washtakiwa mahakamani, hesabu inazidi kuharibika.

Kwa hiyo si kila askari anayechelewa ni mvivu au mla rushwa. Wako wabaya, na washtakiwe. Lakini wengine wamezidiwa na hesabu tu.

Nchi nyingine nazo zina ubishi kama huu. Huko Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2002 iliruhusu kuajiriwa watu wa kuwasaidia polisi mitaani, ambao si askari kamili. Polisi wa huko pia huajiri raia kuwa makarani, mafundi na wapokea simu, ili askari atoke mezani aende kazini. Kuanzia mwaka 2010 Serikali yao ilipunguza fedha, na askari wakapungua kwa kiasi cha 20,000. Mwaka 2019 Serikali iliahidi kuajiri wengine 20,000. Wapinzani wakauliza: mkiajiri askari na kuwaachisha makarani, nani atajaza fomu? Si huyohuyo askari?

Kwa majirani zetu Kenya, mpango wa Nyumba Kumi ulitangazwa mwaka 2013 ili majirani wajuane na kutoa taarifa. Lakini Wakenya wana kumbukumbu chungu pia. Katika sehemu za Kisii, vikundi vilivyoitwa sungusungu vililaumiwa kwa mauaji na kwa kutumiwa na wanasiasa. Kikundi kikishanunuliwa na mtu mmoja, hakilindi kijiji tena. Kinamlinda mnunuzi.

6. HOJA ZA PANDE MBILI

Wanaotaka raia wapewe kazi zaidi wanasema:
(a) Raia yupo karibu, anafika mapema.
(b) Raia anajua watu na njia. Anajua nyayo za ng'ombe wa jirani.
(c) Gharama ni ndogo.
(d) Kijiji kinachojilinda kina umoja.

Wanaotaka kazi hiyo iachiwe polisi wanasema:
(a) Polisi amefundishwa, anajua mipaka ya kazi yake.
(b) Polisi ana namba na mkubwa wake, kwa hiyo anaweza kushtakiwa kwa urahisi.
(c) Raia ana ndugu na maadui kijijini, anaweza kupendelea au kulipiza kisasi.
(d) Maskini ndiye anayekesha doria, kisha asubuhi anakwenda shamba. Tajiri analala. Hiyo si haki.

Ukizitazama vizuri, hoja hizi hazipigani. Zinaonyesha kwamba kila mmoja ana kazi yake. Raia ana macho, masikio na miguu ya karibu. Polisi ana mafunzo na uchunguzi. Mahakama peke yake ndiyo yenye kutoa hukumu. Taabu huanza pale mmoja anapotaka kufanya kazi za wote watatu: anakamata, anachunguza, anahukumu na kuadhibu, yote usiku mmoja chini ya mwembe.

7. MTUHUMIWA AKIKAMATWA

Yafuatayo ni mambo ya kukumbuka:

Kwanza, mkamateni kwa nguvu inayotosha tu. Akishashindwa, kumpiga ni kosa.

Pili, msimhukumu. Huyo ni mtuhumiwa, bado si mwizi. Huenda amenunua ng'ombe bila kujua ameibwa. Ulizeni kibali cha kusafirisha mifugo na tazameni alama za ng'ombe.

Tatu, mpelekeni polisi bila kuchelewa. Mkimweka siku tatu ghalani, ninyi ndio mtakaoshtakiwa.

Nne, msitoze faini mliyoitunga wenyewe. Faini ya kijiji lazima itokane na sheria ndogo. Sheria ndogo hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji na kukubaliwa na Halmashauri ya Wilaya. Kila anayelipa apewe stakabadhi.

Tano, msimshuku mtu kwa kabila lake, uzee wake au rangi ya macho yake. Igunga ina Wanyamwezi, Wasukuma, Wanyiramba, Wataturu na wengine. Mwizi anajulikana kwa kitendo.

Sita, andikeni.

Jambo hili la sita ndilo linalokuhusu wewe hasa. Kesi nyingi za wizi hufa mahakamani kwa kukosa ushahidi. Washtakiwa huachiwa, na kijiji kinanung'unika kwamba hakimu amekula rushwa. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi hakimu hakuletewa kitu. Mashahidi wanne wametaja saa nne tofauti. Rangi ya ng'ombe imesahauliwa. Hakuna anayejua nani alimkabidhi mtuhumiwa kwa nani.

Karatasi moja iliyoandikwa usiku uleule inaweza kuiokoa kesi. Si lazima iwe na maneno makubwa. Tazama mfano:

Leo tarehe ........., saa ......... usiku, sisi walinzi wa kitongoji cha ........., tumemkamata mtu mmoja, jina lake amesema ni ......... Tumemkuta njia ya ........., akiwa na ng'ombe 3: dume jekundu 1 na majike meusi 2. Alama zao ni ......... Waliokuwapo ni ......... Alipokamatwa alikuwa na jeraha / hakuwa na jeraha. Tumemkabidhi yeye na ng'ombe 3 kwa askari wa kituo cha ........., saa ......... asubuhi. Sahihi ya aliyekabidhi ......... Sahihi ya aliyepokea .........

Andika nakala mbili. Moja ipeleke kituoni, nyingine ibaki katika daftari la kijiji. Karatasi hiyo inamlinda kila mtu. Inamlinda mwenye ng'ombe, kwa sababu idadi haiwezi kupungua njiani. Inawalinda walinzi, kwa sababu hawatasingiziwa kwamba walimjeruhi mtu. Inamlinda mtuhumiwa, kwa sababu inajulikana alipokelewa akiwa mzima. Inamlinda na askari mwema, kwa sababu hatasingiziwa rushwa. Anayeiogopa karatasi hiyo ni mtu mwenye nia mbaya tu.

8. NANI AWALINDE WALINZI?

Kila kijiji kina Halmashauri ya Kijiji na Kamati ya Ulinzi na Usalama. Walinzi wawe chini ya kamati hiyo. Majina yao yaandikwe na yasomwe mbele ya mkutano mkuu. Taarifa ya doria, faini na fedha itolewe huko. Wanawake nao wasimame waulize, maana wao ndio walioumia sana zamani.

Vilevile tusiache kuidai Serikali. Kijiji kujilinda hakuna maana kwamba Serikali imepewa ruhusa ya kulala. Ulizeni katika vikao vya kata: askari wetu ni wangapi? Gari la polisi lina mafuta? Askari anayeandika barua mchana kutwa, hawezi kupewa karani? Diwani na mbunge wenu wanapaswa kuyapeleka maswali hayo yanakosikilizwa.

Wazee walisema, umoja ni nguvu. Nguvu hiyo iliwashinda wezi. Lakini nguvu isiyo na sheria inaweza kumgeukia hata aliyeijenga, usiku atakaposingiziwa yeye.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mtuhumiwa: mtu anayedhaniwa kuwa ametenda kosa, lakini bado halijathibitishwa.
Mahabusu: mtu aliyewekwa chini ya ulinzi akingoja kesi.
Doria: kuzunguka na kulinda, hasa usiku.
Kukabidhi: kutoa kitu au mtu mikononi mwa mwingine mbele ya mashahidi.
Sheria ndogo: sheria ya kijiji iliyokubaliwa na Halmashauri ya Wilaya.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini watu walianzisha Wasalama mwanzoni mwa miaka ya 1980?
2. Sheria ya mwaka 1989 iliweka sharti gani kwa Sungusungu?
3. Kijiji chenu kina watu wangapi? Gawanya kwa 450. Mngehitaji askari wangapi? Mnao wangapi?
4. Taja kazi mbili za kituo cha polisi ambazo zingeweza kufanywa na raia, na mbili ambazo hazifai kupewa raia. Eleza kwa nini.
5. Je, ni haki kumtenga mtu asiyetoka doria? Kama ni mgonjwa? Kama ni mjane?
6. Andika hati ya makabidhiano ukifuata mfano uliopewa. Msomee mwenzako, naye akuonyeshe ulichosahau.